Marejesho Matatu ya Mshonaji

Wateja wake walimwita Mama Rejesho, kwa sababu kila Ijumaa asubuhi alipita na daftari kwapani kukusanya marejesho ya mikopo. Walimwona na shati lililopigwa pasi na kitambulisho cha ofisi shingoni, wakaamini kuwa huyu ameshaula.

Laiti wangejua. Mshahara wake ulikuwa unaisha tarehe kumi na mbili. Nusu aliichukua mwenye nyumba, robo ilimezwa na ada ya binti yake, na kilichobaki kiligombaniwa na nauli, unga, umeme na maji. Mumewe, fundi rangi, alikuwa na miezi mitano hajashika brashi. Kuanzia tarehe kumi na tatu nyumba ile iliishi kwa kamisheni, na kamisheni ilikuwa na sharti moja tu: wateja wote wawe wamelipa. Akikwama mmoja, inayeyuka yote.

Ndiyo maana mshonaji wa nyuma ya soko alipokwama wiki tatu mfululizo akimuuguza mama yake hospitalini, Mama Rejesho alimlipia. Alikuwa amepiga hesabu: marejesho matatu ni madogo kuliko kamisheni ya mwezi. Akatoa hela mfukoni mwake, akaandika kwenye daftari la ofisi kwamba mshonaji amelipa, akasaini. Afisa kumlipia mteja ni kosa, na adhabu yake ilibandikwa ukutani pale ofisini: kuanzia kunyimwa kamisheni hadi kufukuzwa kazi. Alipita mbele ya karatasi ile kila asubuhi akiangalia viatu vyake.

Jumanne moja alimkuta mlinzi mlangoni na kapu la plastiki.

"Simu humu, dada. Ni wote."

"Kuna nini?"

"Mkaguzi kaja. Leo mmenyang'anywa silaha," mlinzi akasema, akacheka peke yake.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Alichagua majina matano ya wateja wa Mama Rejesho wa kutembelewa siku ile. Jina la tatu lilikuwa la mshonaji. Simu ikiwa kapuni, hapakuwa na namna ya kumtonya.

Wateja wawili wa kwanza walikuwa safi. Njiani kuelekea sokoni mkaguzi alipiga soga.

"Nyumba za huku mnapanga vyumba vingapi?"

"Inategemea."

"Wewe vingapi?"

"Viwili."

"Viwili!" akasema, kama aliyeonyeshwa gari jipya. Mshahara wa Mama Rejesho mkaguzi alikuwa anaujua mpaka senti ya mwisho.

Mama Rejesho hakuogopa kwamba mshonaji angemchongea. Aliogopa shukrani zake.

"Karibu, dada yangu!" mshonaji akasema kwa sauti walipoingia, cherehani bado inanguruma. "Na huyu ndiye bosi wako? Bosi, huyu dada mtunzeni! Watu wenye roho kama yake..."

Mama Rejesho akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu.

"Pole na kifua. Nikupe maji?"

"Kadi yako, mama," mkaguzi akasema.

Kadi ikatolewa chini ya vitambaa. Hapo ndipo Mama Rejesho alipokumbuka: daftari la ofisi alilijaza, kadi ya mteja hakuigusa. Visanduku vya wiki zile tatu vilikuwa vyeupe kabisa.

"Ofisini inaonekana umelipa wiki hizi tatu. Ulilipa?"

Mguu wa mshonaji ukasimama juu ya kanyagio. Alimtazama Mama Rejesho, akauona uso ule, akaelewa.

"Nimelipa."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa zote tatu ulikuwa hapa?"

Mshonaji akainamia cherehani. Akiendelea kudanganya, jina lake litaingia kwenye orodha ya wasiokopeshwa tena, na cherehani yenyewe ilinunuliwa kwa mkopo ule.

"Nililipa mimi," Mama Rejesho akasema.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu.

"Ungekana, ningekufukuza hapahapa," akasema kwa upole uleule. "Kamisheni huna miezi mitatu. Na marejesho haya nayafuta. Mama huyu anadaiwa upya."

"Na hela yangu je?"

"Hela yako ipi? Ofisi haikukukopa kitu."

Akaiweka kadi ukingoni mwa meza, ikadondoka sakafuni, naye akatoka kumsubiri Mama Rejesho nje.

Miezi mitatu. Mara tatu tarehe kumi na tatu ingefika na nyumba ikiwa tupu, na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kubisha hodi mara mbili. Na akimlipia tena mteja aliyekwama, karatasi ile ya ukutani ilikuwa bado na mstari wake wa mwisho: kufukuzwa kazi. Mama Rejesho akafungua daftari.

"Ijumaa nataka marejesho manne: yale matatu na la wiki hii."

Mshonaji akangoja Mama Rejesho acheke kidogo, kama alivyozoea. Hakucheka.

"Dada, manne nitayatoa wapi? Mama bado yuko wodini."

"Sijui. Ijumaa, saa tatu."

Mshonaji akaokota kadi yake sakafuni, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Sawa, afisa," akasema, akaanza tena kukanyaga cherehani.