Kila Mtoto Ana Kidonge Chake kwa Mama

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Voi ni ndogo na kaka yangu yuko kwa hii page.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nauza mitumba Voi, naishi Kaloleni. Tumezaliwa watatu: kaka mkubwa ana kazi ya ofisi Mombasa, dada ameolewa Bomeni kule Taveta, na mimi kitinda mimba, ambaye sikusoma sana, kwa hivyo nikapewa mama. Ana miaka sabini na tisa. Tulimteremsha kutoka milimani baba alipofariki, akaja na jembe lake, akapanda mboga za sukuma nyuma ya nyumba mpaka majirani wakawa wanakuja kuomba. Huyo ndiye mama ninayemlilia, na bado yuko hai, ameketi hapo kwa kiti.

Kwetu huendi kuona mzazi mikono mitupu. Zamani tulibeba sukari na majani chai. Mama alipokatazwa sukari tukakosa cha kubeba, tukaanza kubeba dawa. Dada alimpeleka kliniki Taveta kwa sababu ya magoti, akapewa vidonge vya maumivu, na kila akija analeta vingine. Kaka akamchukua Mombasa, presha ikapatikana imepanda, akaandikiwa vya presha. Miguu ikavimba. Kaka akamrudisha, akaongezwa vya kutoa maji mwilini. Sasa akawa halali, ni kwenda choo tu, na mimi nisionekane mtoto wa bure nikampeleka kliniki hapa Voi, akapewa vya usingizi. Kila daktari aliongeza. Hakuna aliyejua mwenzake ameandika nini, na sisi hatukusema, maana kila mmoja alijivunia daktari wake kama gari jipya.

Mama anaviweka vyote kwa kopo la mafuta ya kupikia. Ukilitikisa utadhani ni kayamba. Majina ya dawa hajui, anazijua kwa watoto: "Hii ya kijana wangu, hii ya Bomeni, hii yako." Haruki hata moja. "Nikiacha ya mwenzako atasema simpendi," ananiambia, kisha anameza.

Sukuma zikakauka. Mama akawa anasinzia akiwa ameshika kikombe, na akizinduka ananiita jina la dadake, aliyezikwa nikiwa darasa la tatu. Siku moja akaanguka jikoni akapasuka juu ya jicho. Kanisani wakasema ni uzee, tuombe. Nilipompeleka kushonwa, daktari aliyekuwa zamu, dada mmoja mpole, akaniambia nirudi na kila kidonge kilicho nyumbani. Nikapeleka kopo zima. Akavimwaga mezani, akavipanga.

"Hivi vya magoti vinaweza kupandisha presha," akasema. "Hivi vya presha vinaweza kuvimbisha miguu. Vya maji vinamwamsha aende choo. Vya usingizi vinamchanganya na kumwangusha. Hapa dawa inafukuzana na dawa."

Akanionya tusiache zote kwa mpigo, ni hatari. Zipunguzwe moja moja yeye akimwangalia, tuanze na ya usingizi, kisha ya magoti, ndipo aangalie za presha na maji. Lakini akasema lazima watoto wote tukubaliane, la sivyo huyu anatoa na yule anarudisha.

Yangu ikapunguzwa polepole mpaka ikaisha. Juzi asubuhi mama akaniita kwa jina langu. Nililia nikiwa nimeshika sufuria ya uji.

Nikawapigia simu. Dada akasema, "Kwa hivyo mimi ndiye nampa mama sumu?" Akakata. Kaka yeye alicheka. "Udaktari umesomea wapi wewe, kwa marobota ya mitumba? Daktari wangu ni mtaalamu wa moyo, vyeti vimejaa ukuta."

"Hata huyu ni daktari, kaka."

"Wa Voi," akasema.

Jumamosi anakuja na treni. Amepata dawa mpya, ati ya kuzuia mama kusahau. Nikikataa, anasema atamchukua akaishi naye huko Mombasa kwa ghorofa, na najua huko atameza kila atakachopewa, maana ni cha mtoto wake.

Lakini kilichonifanya niandike ni cha leo. Mama ameamka akili zikiwa sawa kabisa, akafungua kopo, akapekua. "Ya kijana ipo. Ya Bomeni ipo. Yako iko wapi?" Nikamwambia daktari ameitoa, haihitaji tena. Akafunika kopo.

"Sawa, mwanangu. Ukichoka na mtu, umechoka."

Nyinyi mliouguza wazazi, niambieni nifanye nini hiyo Jumamosi. Nisimame mlangoni nigombane na kaka, au nimwachie? Na mama nitamwelezaje kwamba hata mimi nimemletea kitu, ni vile tu hakiwezi kuingia kwa kopo?