Vifungo Vyeusi vya Zeituni

Nimetembea ufuo wa ziwa hili, kutoka Asembo Bay mpaka Dunga, na kila nilipofika kuna mtu alinipa chakula na mahali pa kulala. Siwezi kuwashukuru wote kwa kalamu. Leo namshukuru mmoja tu: Zeituni, mama Usama, fundi wa cherehani wa Nyalenda.

Zeituni ni Mwislamu wa hapa hapa Kisumu. Babu yake alitoka pwani, bibi yake alikuwa Mjaluo, na ukimwuliza kabila atakujibu, "Andika fundi." Shule aliachia darasa la sita, mama yake alipougua. Akaanza kuokota vipande vya vitambaa chini ya meza za mafundi wengine na kuviunga viwe mablanketi ya watoto. Hapo alijifunza jambo moja: kitambaa hata kiwe kimepindapinda namna gani, ukikikata pembe mpaka pembe, utaishia na vipande vya pembe tatu tu. Kwa akili hiyo amelea watoto wanne, na kwa akili hiyo alimsaidia shemeji yangu.

Shemeji yangu ni Benta, mjane wa marehemu ndugu yangu. Mwaka jana nilifika Dunga asubuhi moja nikamkuta analia. Yeye na mwenzake Maximilla walikuwa walinzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wa kikundi cha akina mama. Miguu yao imechoka, hawawezi kuzunguka. Kazi yao ni kukaa kwenye kiti, na wakiona ndege au mbwa amesogelea samaki walioanikwa, wapige debe na kelele mpaka akimbie. Sasa wiki nzima okok, wale yangeyange weupe, walikuwa wanashuka na kula watakavyo, na mbwa nyuma yao.

Lornah, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameamua. "Mama Benta, tunakupenda. Lakini macho yako yamekwisha. Wewe na Maximilla mpumzike nyumbani, tutatafuta vijana watano wa kuzunguka."

"Nipumzike na nani?" Benta akauliza. "Nyumbani kuna mimi na ukuta. Hapa angalau nagombana na watu."

Zeituni alikuwa amekaa chini anashona nyavu za kuanikia zilizotoboka. Akakata uzi kwa meno. "Mwenyekiti, macho ya mama huyu yalinionyesha sindano yangu kwenye mchanga juzi. Shida si macho. Shida ni pale mlipomkalisha."

Na kweli ule uwanja haukunyooka. Umezungushiwa mabati, na kila jirani amesukuma kitu chake ndani: huku kibanda cha chai, huku banda la fundi wa mashua, kule choo. Nilihesabu pembe tisa. Na kwa sababu kwetu huwezi kumsukuma mama mzee pembeni kama kapu tupu, walinzi waliwekwa katikati, bega kwa bega, chini ya turubai, kama wageni wa arusi. Heshima ilikuwa nyingi, lakini kibanda kiliwazibia upande mmoja na banda likawazibia mwingine.

Zeituni akatandaza gunia, akauchora ule uwanja kwa chaki yake, pembe zote tisa. Kisha akavuta mistari kutoka pembe hadi pembe mpaka uwanja wote ukawa vipande saba vya pembe tatu. Akamwaga kopo la vifungo.

"Kila pembe kifungo kimoja," akasema. "Chekundu, cheupe au cheusi. Lakini kila kipande lazima kipate rangi zote tatu."

"Wewe unacheza bao au unalinda omena?" Lornah akamtania. Lakini aliinama kuangalia.

Vilipokwisha kupangwa, vyekundu vilikuwa vinne, vyeupe vitatu, vyeusi viwili tu.

"Kipande cha pembe tatu hakina pa kujificha," Zeituni akasema. "Ukikaa pembe yake yoyote, unakiona chote. Na kila kipande kina cheusi kimoja, si ndiyo? Basi weka mtu penye vyeusi. Hawa mama wawili wanatosha."

Mimi nilivihesabu vile vipande mara mbili kwa kidole. Alikuwa amesema kweli. Wenye shule kubwa pengine wana jina la jambo hili. Mimi nilijua tu kwamba shemeji yangu amepata mlango.

Ila mlango haukufunguka mara moja. Pembe moja nyeusi ilikuwa kando ya kibanda cha chai. Nyingine ilikuwa nyuma kabisa, karibu na choo.

"Mimi?" Maximilla akaruka. "Nikae kwenye kona kama mtoto aliyeiba sukari? Watu wa kanisa wakipita waseme nini?"

Lornah naye akasita. "Hiyo ni aibu, mama Usama. Wamama hawa wametuzaa."

Benta akapangusa uso, akachukua fimbo yake. "Nipelekeni ya chooni. Nilipoolewa, mawifi walinikalisha jikoni kwenye moshi miezi sita, na sikufa. Kama kwenye kona ndiko kuna kazi, mimi natafuta kazi."

Lornah akaingia ofisini, akatoka na kiti chake mwenyewe, kile chenye mto anachokalia siku ya mkutano, akakibeba kichwani uwanja mzima mbele ya wanawake wote. Akakiweka kwenye ile kona, akampangusia Benta vumbi.

Benta hakumaliza hata robo saa amekaa pale. Okok mmoja akashuka nyuma ya banda, pale ambapo wiki nzima hakuna aliyepaona. Kabla miguu haijagusa wavu, debe likalia, na sauti ya Benta: "Toka, mwizi wewe! Nakuona mpaka kucha!"

Ndege akaenda zake. Wanawake wakacheka, na Lornah akacheka zaidi yao. Hakuna aliyetaja tena vijana watano.

Maximilla akageukia ile kona ya kando ya kibanda cha chai. "Haya," akasema, "na mimi cha kwangu chenye mto kiko wapi?"

Zeituni hakusikia. Alikuwa ameshaokota vifungo vyake na kurudi kwenye nyavu. Nilimwendea nikamwambia erokamano, asante sana. Akaniambia nimshikie uzi.