Kipande cha pafu kilichoisha mikononi mwa dada

Saa mbili asubuhi, Mama Nta ameshaketi kwenye mashine yake. Anazungusha mpini, kisu kinashuka, na utando wa nta mwembamba kuliko ganda la kitunguu unaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Anauopoa kwa kipande cha kioo.

Ndani ya nta hiyo mna nyama ya mgonjwa, iliyogandishwa humo ili ikatike. Hukata vipande arobaini kwa siku, mwaka wa ishirini na mbili sasa, katika maabara ya hospitali.

"Huyu hata unywele angeupasua mara tatu," anatania mwenzake wa meza ya pili.

Yeye anazungusha mpini tena.

Mwezi uliopita ililetwa nyama ya pafu la kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Desturi ya maabara ni kwamba nyama ya ndugu yako hukatwa na mwingine. Yeye hakumwambia mtu kwamba ile ni ya kaka yake. Akaikata mwenyewe.

"Nilijiuliza, nani ataikata vizuri kunishinda mimi?"

Daktari alitaka kuona protini zinazoshikanisha chembe za mwili. Zikiwapo, rangi huchora mstari wa kahawia kuzunguka kila chembe, kama saruji kati ya matofali. Zikipotea, chembe za saratani huachana, huingia kwenye damu na kwenda kuota kwingine.

Mstari haukuonekana. Akakata tena, akapaka tena. Mara tano.

"Nilijidanganya kwamba rangi imeharibika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha machoni pangu mwenyewe."

Alipokuja kushtuka, nta ilikuwa tupu. Nyama iliyobaki ndiyo ilipaswa kwenda kwenye kipimo cha kuchagua dawa. Jana alikiri kwa daktari, akajibiwa kwamba pafu lile halitahimili sindano ya pili ya kutoa nyama nyingine.

Simu inalia. Ni kaka.

"We kitinda mimba, majibu yangu mmeyalalia?" Kikohozi kinamkatiza.

"Bado, kaka. Vumilia kidogo."

Anaiweka simu kifudifudi mezani.

Jumamosi atakwenda kwake, amwambie kabla daktari hajamwita.

"Msamaha siombi. Namjua, atanitukana mpaka majirani watoke nje. Na anitukane, matusi yanataka pumzi. Ninachoogopa ni akininyamazia."