Filamu ya Mvua

Umeme ukikatika hapa Masasi, jirani yangu huwasha jenereta, na harufu ya petroli ikianza kuingia ndani wenzangu hukimbilia kufunga madirisha. Mimi huacha lililo wazi liwe wazi zaidi. Harufu ile ikinigusa pua namwona bibi yangu mzaa mama, amejitanda kanga, amekaa kwenye benchi la banda la video kule Makote, Newala, anawagombeza watu walio ndani ya televisheni.

Juzi kwenye kundi letu la simu tuliulizana, kila mtu ataje filamu anayoipenda kuliko zote maishani. Niwaambie ukweli, maana hamnijui: mimi kwa filamu ni mlevi. Nimeangalia za ngumi, ambazo mtu mmoja anapiga kijiji kizima na shati halichafuki. Nimeangalia za Kinaijeria, ambazo mama mkwe sharti awe mchawi, na za Kikorea, ambazo mume wangu anasema watu wanalia kabla hawajasalimiana. Wenzangu wakataja zao. Mimi nikataja filamu ya zamani ya Kihindi ambayo utotoni nilionyeshwa mara nyingi na mwisho wake sikuuona hata mara moja. Walinicheka sana. Nichekeni na ninyi, kisha mnisikilize.

Nilikuwa darasa la pili mama yangu alipougua. Walimlaza nyuma ya gari la korosho, juu ya magunia, akapelekwa hospitali ya mbali, nami nikabaki kwa Bibi. Sasa kwetu mtoto haambiwi kifo. Anaambiwa fulani amesafiri, yamekwisha. Baba yake rafiki yangu Somoe alisafiri, nguo zake zikagawiwa, na Somoe akawa bado anamwekea kipande cha muhogo kila jioni. Kwa hiyo neno lile nililijua kuliko wakubwa walivyodhani. Siku ile gari lilipoondoka nilimuuliza Bibi, "Mama amesafiri?"

Bibi aliacha kubangua korosho, akanitazama. "Hajasafiri. Ameenda kutibiwa. Siku ukinisikia mimi nasema amesafiri, hapo ulie."

Basi tangu siku hiyo kila Bibi alipofungua kinywa nilikuwa natega sikio. Akianza tu kusema "Ame...", moyo unanilipuka, kumbe anataka kusema mbuzi amekata kamba.

Msimu wa korosho kwetu ndio uliokuwa msimu wa filamu. Watu wakishauza, roho zinalainika, na kijana mmoja tuliyemwita Kaka Bakari alikuwa akiwasha jenereta lake kila alasiri nyuma ya banda la makuti. Kanda alikuwa nazo chache, kwa hiyo zilijirudia mpaka tukazizoea kama majirani. Yeye husimama kando ya televisheni na fimbo, anatafsiri. Kihindi hakukijua hata neno moja. Alikuwa anatafsiri nyuso. Akimwona mzee amekunja uso mbele ya kijana, atasema, "Hapa anamwambia, mikorosho hii ni mali ya wajomba, wewe huna chako." Banda zima linaitikia kwa kichwa. Mimi nimekua nikijua kwamba India nako, kama kwetu Makondeni, mali inafuata upande wa mama.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mama aliyepotezana na binti yake mdogo kwenye msongamano wa soko. Wakawa wanatafutana miaka na miaka. Katikati, binti ameshakuwa mkubwa na ana mchumba, mvua ikanyesha, nao wakaanza kuimba na kuzungukana mitini. Sijui kama mnaijua Newala. Kule juu maji tulikuwa tunayafuata bondeni, unateremka kumepambazuka unapanda jua limeshakuwa kali, na ndoo kichwani. Mvua ikishuka haimbi mtu. Kila mwenye bati anakimbilia sufuria, beseni, hata kikombe cha chai. Kwa hiyo wale wapenzi walipocheza mvuani mikono mitupu, watu walikereka.

"Tegeni basi ndoo," alisema Bibi. "Hivi hawa wana akili? Maji yote hayo."

"Labda wana kisima uani," alijibu Mama Somoe, mjane wa yule baba aliyesafiri.

"Hata kama."

Mbele zaidi binti anapata habari za mama yake. Anapanda treni, anateremka, anakimbia kwenye njia ya vumbi. Mama yuko kitandani, mgonjwa, anageuza uso kutazama mlango. Mimi hapo nimeshika kanga ya Bibi. Ndipo jenereta linakohoa na kuzimika, televisheni inakuwa nyeusi.

"Petroli imekwisha, ndugu zangu," anasema Kaka Bakari. "Mtuwie radhi."

"Haya, twendeni," anasema Mama Somoe kwa sauti, "petroli imekwisha." Watu wanajikung'uta, wanatoka. Ikawa hivyo kila ilipochezwa. Nililichukia jenereta lile kama mtu.

Njiani nilikuwa nalia, na kila mara nilimuuliza Bibi filamu iliishaje, naye alinijibu bila kupunguza mwendo, kama mtu anayesimulia jambo alilolishuhudia.

"Kwani hujui, mke mwenzangu? Mvua ilinyesha. Yule mama akasikia inagonga bati, akaamka, akatoka na ndoo yake akaitega upenuni. Binti yake akamkuta pale pale. Mama akamwambia, usisimame kama mgeni, lete na sufuria."

"Na ndoo ilijaa?"

"Ilijaa."

Hapo nilikuwa nanyamaza. Mtu anayetega ndoo hawezi kuwa amesafiri.

Nisiwaweke roho juu. Mama alirudi. Alirudi mchana wa jua la kupasua kichwa, amekonda, amenyolewa nywele. Nilimkimbilia nikamkumbatia miguu, halafu nikatazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Nikamuuliza Bibi, mvua iko wapi? Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kucheka aliendelea kujifuta machozi muda mrefu.

Mwisho wa kweli niliuona ukubwani, peke yangu, kwenye simu. Yule mama anakufa. Binti anafika mlangoni na kumkuta ameshakata roho. Niliizima simu nikakaa nayo mapajani, sielewi kwa nini nalia kama mtoto.

Mwaka huo huo nilikwenda Newala, nikakutana sokoni na Kaka Bakari, mzee mwenye mvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamtania kwamba jenereta lake lilinitesa utoto mzima. Alinitazama kwa mshangao.

"Jenereta langu? Halikuwahi kuishiwa petroli. Nilikuwa nalizima mwenyewe. Bibi yako alinijia baada ya kusikia habari za kanda ile. Akaniuliza, huyu mama anakufa? Nikamwambia, anakufa. Akasema, mbele ya mjukuu wangu hafi."

"Na watu walikubali?"

"Wangekataaje? Ninyi watoto mkishapotea njiani, wao wanazunguka uani, wanarudi kumalizia. Mama Somoe ndiye aliyekuwa anawatoeni."

"Na Bibi, alikuwa anarudi?"

"Yeye mwisho hakuuona. Si alikuwa anakupeleka nyumbani?"

Bibi alikwisha kututangulia wakati huo, kwa hiyo sikuwa na wa kumshukuru. Lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Mimi miaka yote nilidhani katika filamu ile binti ni mimi, namngoja mama yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba aliyelala hospitali alikuwa mtoto wa Bibi. Yule mama wa kwenye televisheni, anayemngoja binti yake huku ametazama mlango, alikuwa yeye. Habari alikuwa hana, uhakika alikuwa hana, na mwisho ule alinitungia mimi na kujitungia yeye pia, tukiwa tunatembea.

Wiki iliyopita mama yangu alikuja kukaa kwangu. Amezeeka, kifua kinamsumbua, tunampeleka hospitali na kumrudisha. Jana alasiri akasema anataka kuiona filamu ya mvua ambayo mimi na mama yake hatukuisha kuitaja. Nikaiweka kwenye televisheni. Wapenzi walipoanza kucheza mvuani akanong'ona, "Na ndoo je?" Binti alipoteremka kwenye treni nikainuka polepole, nikaenda kwenye swichi kubwa nyuma ya mlango, nikaizima.

"Luku imekwisha, Mama."

Redio ya kwa jirani ilikuwa inaimba vizuri tu. Mama aliisikiliza kidogo, akanitazama, akajifunika kanga yake miguuni.

"Haya," alisema. "Iliishaje?"

Nikakaa karibu yake, nikamsimulia mvua, na bati, na upenu, na sufuria, kama nilivyosimuliwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na ndoo ilijaa?"

"Ilijaa, Mama."