Nati ya Nne

Laiti ningekataa kuingiza mkono nyuma ya bampa la lori la baba. Juzi hapa Kahama niliona vijana wakifunga winchi, ile mashine ya kukokota gari kwa waya, mbele ya gari, na harufu ya grisi ikanirudisha mchana ule wa utotoni.

Mwanya ulikuwa mwembamba, na nati nne za winchi zilihitaji mkono mdogo.

"Leo wembamba wako umepata kazi," fundi Masanja alinitania.

Nilifunga tatu. Kwenye ya nne mkono ukanasa. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua, na kadiri nilivyovuta ndivyo mkono ulivyozidi kuvimba.

"Leteni msumeno," fundi alisema.

Nilipiga mayowe, nikiamini mkono wangu unakwenda kukatwa. Leo najua alitaka kukata bampa. Mama alikimbilia mafuta ya alizeti, akanipaka, mkono ukachomoka.

"Ile ya nne imekaza, mwanangu?" baba aliuliza.

Nilikuwa nimeiacha imelegea, bado inazunguka kwa kidole. Lakini ningesema ukweli, ningerudishwa mle ndani.

"Imekaza, baba."

Akanipapasa kichwa, akaenda kunawa.

Masika yale lori lilizama topeni njia ya Nyarugusu. Baba alisimama mbele kuongoza waya. Nati ya nne ilikuwa imeshadondoka, na winchi ilipoanza kuvuta ikang'oka na kumpiga kifuani. Walimrudisha nyumbani amefunikwa turubai.

Nilikaa kimya mpaka mama naye akafa. Uongo wangu ulinigharimu baba.