P na K Kwenye Vifuniko vya Seli za Ini

Nimeaibika mara nyingi, ila ile ya mbele ya maabara nzima, tena nimevaa koti jipya, ndiyo bado inanipandisha joto masikioni hata nikiwa peke yangu jikoni kwangu Edmonton, kaskazini mwa London.

Nasomea shahada ya uzamivu hapa London, na kazi yangu ni seli za ini: ndani yake kuna protini inayoyashika mafuta na kuyafikisha yanakochomwa au kuwekwa akiba (ni kama hamali, ndivyo nilivyomweleza mama kwenye simu), nami nilitaka kujua ukiipunguza mafuta yatakuwaje. Jumatatu nikaandaa sahani mbili za kukuzia seli, moja seli zina protini yake yote, nyingine nimeipunguza, na kwa kuwa nilikuwa nawahi treni nikaandika herufi mojamoja tu kwenye vifuniko, P na K, maana nani angesahau?

Jumatano nikatia mafuta yenye rangi ya kung'aa, nikapima, na seli nilizoamini zimepungukiwa protini ndizo zikang'aa zaidi (zingemulika mtaa mzima wa Tottenham), basi badala ya kushtuka kuwa ni kinyume cha matarajio nikajiona mgunduzi, nikatengeneza slaidi kumi na nane, na Ijumaa, siku ya kuamuliwa kama naendelea na masomo, nikasimama nikaeleza nadharia yangu kama mtu aliyezaliwa profesa.

Msimamizi wangu, mzee mpole, akaomba tu kuliona daftari. Nikaliweka chini ya kamera bila wasiwasi, likaonekana ukutani, ukurasa wa Jumatatu, wote Kiswahili (ndivyo ninavyoandika nikiwa na haraka). Aliyeweza kuusoma ni Bi Salma, fundi wetu wa maabara, Mzanzibari.

"Mwanangu," akasema polepole, "hapa umeandika P ni pungufu, K ni kamili. Wewe ulisomaje Jumatano?"

Nikausoma tena ukurasa ule ukutani. "P nilisoma protini. K nikasoma kukosa."

Akawatafsiria wengine kwa Kiingereza, hakuacha hata neno moja, na watu wakacheka mpaka msimamizi akavua miwani kujifuta macho. Ugunduzi wangu, ukigeuzwa, ulikuwa jambo lililomo katika kila kitabu: protini ikiwepo, mafuta huingia zaidi.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nipeni wiki mbili nirudie."

Wakanipa, nikarudia, nikapita. Herufi mojamoja nimeapa sitaziandika tena maishani. Naandika neno zima, tarehe na jina langu, hata kifuniko kisipotosha. Bi Salma akipita huinama, husoma, na mpaka leo hajaniambia kama ameridhika.