Harufu ya Salfa Kwenye Vitambaa vya Wifi

Mimi nafuma vitambaa vya makochi kwa kujifurahisha tu, na nikishamaliza nawauzia walimu wenzangu na akina mama wa kanisani. Nikichoka kufuma, nasoma. Nasoma riwaya nyepesi, za mapenzi na za upelelezi, zile zenye majalada ya kung'aa ambazo mume wangu huziita vitabu vya kupotezea muda. Dada yake mkubwa, wifi yangu wa Masasi, huziita majina mabaya zaidi. Kwa hiyo wifi alipoagiza seti nzima ya vitambaa vyeupe, kwa kuwa Jumapili upande wa mchumba ulikuwa unakuja kumposa binti yake, nilifurahi kidogo, kisha nikaingiwa na woga. Tangu niolewe nilikuwa natafuta kitu kimoja ambacho wifi huyu hatakikosoa.

Nilimaliza mapema. Alhamisi jioni nilikuwa kibarazani kwetu Mnyambe, mwizi wa kwenye riwaya keshajulikana lakini hajakamatwa, jirani akapita na kusema neno. Nikamjibu, "Haya, asante." Sikumsikia hata kidogo. Asubuhi nikavitia vitambaa wanga, nikavianika, nikarudi kwenye kitabu changu. Huku kwetu, msimu wa kupuliza mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano, jirani hupita kukuambia uanue nguo, na ndicho alichokuwa amekuja kuniambia. Niliposikia mashine inaunguruma nikatoka mbio, lakini vumbi la salfa lilikuwa limeshatua juu ya wanga mbichi. Vitambaa vyote vilikuwa vya njano.

Nilivifua mpaka vidole vikachubuka. Njano ilitoka. Harufu haikutoka. Nikaongeza sabuni, nikaongeza ndimu, nikavinusa mpaka pua ikachoka na sikujua tena kama nanusa kitambaa au woga wangu mwenyewe. Kwenye gari la kwenda Masasi niliupakata ule mfuko, na kila abiria aliyefungua dirisha nilijua amelifungua kwa ajili yangu.

Wifi alinipokea Jumamosi mchana.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Hebu tuone."

Akafungua mfuko, akainama. Kisha akaanza kuvitandika kwenye makochi, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kiganja. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Usiku ule mimi usingizi uliniruka kabisa. Niliwaza kwamba joto la migongo ya wageni litaiamsha ile harufu, posa itaharibika, na kila mkutano wa ukoo nitatajwa mimi.

Jumapili wageni wakaja kutoka Chiungutwa. Baba wa kijana akaketi kwenye kochi kubwa, akaegemea. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la soda. Mzee akageuza kichwa, akanusa. Akanusa tena.

"Hapa jirani kuna mkorosho uliopulizwa?" akauliza.

 Nikarudi nyuma hatua moja na sinia langu.

"Ni hivyo vitambaa, baba," wifi akajibu, wala hakutikisika. "Amevifuma wifi yangu, huyo hapo mlangoni. Kwao Mnyambe wanapuliza sasa hivi. Kila kitu kinanuka salfa, mpaka ugali."

Mzee akacheka. Akasema afadhali, maana koti lake lenyewe lilikuwa limetundikwa stoo pamoja na mifuko ya salfa, na tangu aingie alikuwa anaona haya kusogea karibu na watu. Mazungumzo yakaenda kwenye mikorosho, yakazunguka huko, yakarudi kwa binti. Wakakubaliana.

Jioni tulikuwa uani tunaosha vyombo, mimi na wifi peke yetu. Nikajikaza.

"Wifi, ile harufu..."

"Niliisikia jana nilipofungua mfuko. Hata cha kwanza nilikuwa sijakitoa."

"Sasa mbona ukavitandika?"

Akasuuza sahani, akanipa niifute.

"Ningekurudishiaje, na wewe umesimama pale unatetemeka?"

Nikaifuta ile sahani, nikaifuta tena. Miaka yote ile nilidhani wifi akinitazama anatafuta kasoro tu.